Mikaratusi ya Shangazi

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Chanji, mjini Sumbawanga. Jumapili baada ya misa hupanda bodaboda kwenda kijijini kwetu kumwona mama, na ndivyo nilivyojikuta mpimaji wa maji. Mtaalamu mmoja wa mradi wa kutunza vyanzo vya maji alifika kijijini akitafuta watu wa kujitolea. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: unatega ndoo chini ya bomba la chemchemi, unaangalia kwenye simu inachukua muda gani kujaa, unamtumia ujumbe. Niliacha shule mapema, kwa hiyo kupewa kazi ya utafiti kulinipa fahari ambayo hata wateja wangu walichoka kuisikia.

Chemchemi iko chini ya kilima. Juu yake kidogo palikuwa na mikaratusi ya shangazi yangu, dada wa baba. Aliyeipanda ni marehemu mumewe. Shangazi alikuwa akiisubiri ikomae auze nguzo, anunue bati, aondokane na paa la nyasi lililokuwa likivuja kila mvua.

Kiangazi cha kwanza maji yalipungua wiki hadi wiki. Ndoo iliyokuwa ikijaa nikiwa bado nafunga kanga kiunoni, sasa ilijaa baada ya mimi na wanawake wa foleni kumaliza habari zote za kijiji. Nilimpigia mtaalamu, nikamuuliza kama mikaratusi inaweza kunywa maji ya chemchemi.

"Inaweza," akajibu, "lakini sijui kama ndiyo sababu hapo kwenu. Lazima kwanza tupande huko juu tuangalie. Nitakuja."

Nilichoshika ni ile "inaweza". Yaliyofuata yalinipita.

Kabla hajaja, mwenyekiti wa kamati ya maji aliitisha mkutano. "Dada yetu amepima," akasema. "Haya dada, vipimo vinasemaje?"

Vipimo vilikuwa vinasema jambo moja tu, kwamba maji yanapungua. Mimi nikasimama nikasema, "Vipimo vinaonyesha mikaratusi inakausha chemchemi." Watu walinyamaza kunisikiliza, wakiwemo wazee ambao hawajawahi kuniuliza lolote zaidi ya suruali zao zitakuwa tayari lini. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Shangazi alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, miguu ameinyoosha. Mwenyekiti alipomuuliza anasemaje, alinitazama mimi. "Kama aliyepima ni huyu mtoto wetu, mimi nitabisha nini? Ikateni."

Ilikatwa wiki ileile kwa msumeno wa mashine. Ilikuwa bado myembamba, haikufaa nguzo. Zilitoka kuni tu. Jumapili iliyofuata nilimkuta shangazi akiburuta matawi kuelekea kwake, nikaweka mkoba chini, nikamsaidia.

"Maji yatarudi lini?" akaniuliza.

"Mvua zijazo zikipita, kiangazi utaona mwenyewe," nikamjibu, kana kwamba maji yalikuwa yangu.

Kiangazi kikaja. Nilipima, nikapima tena, nikaazima simu ya mtu nikidhani yangu ina kasoro. Maji yalikuwa yanapungua vilevile kama mwaka uliotangulia. Ikafika mahali nikawa nasubiri wanawake waondoke ndipo nitege ndoo yangu, nisije nikaulizwa.

Hatimaye mtaalamu akaja. Tulipanda naye na mwenyekiti, tukapita kwenye visiki, tukavuka mgongo wa kilima hadi kwenye kinamasi ambako tulipokuwa wasichana tulikuwa tukikata matete. Kilikuwa kimechimbwa mifereji, kimekauka, kimelimwa viazi na kabichi. Mtaalamu akachuchumaa, akafikicha udongo mkononi.

"Chemchemi yenu inalishwa na hapa," akasema. "Mmeyafungulia maji njia, yanateremkia upande wa pili." Kisha akaonyesha kwa kidole kule tulikopita kwenye visiki. "Na ile miti, nani aliwaambia muikate?"

Mwenyekiti akaanza kukohoa. Mmojawapo wa mifereji ile ulikuwa wake.

"Mimi," nikasema.

"Wewe uliombwa kupima tu," akasema, tena kwa upole. Heri angefoka.

Nilimwendea shangazi siku hiyohiyo. Alikuwa uani akipepeta ulezi. Nilipiga magoti nikamweleza yote, naye akaendelea kupepeta.

"Kwa hiyo si miti."

"Huenda ilikuwa inakunywa kidogo, shangazi, lakini siyo iliyokausha. Nilisema kitu nisichokijua."

"Siku ya mkutano ulikunywa uji hapa kwangu. Ulikaa pale pale mlangoni. Hukuniambia neno."

Ule uji nilikuwa nimeusahau kabisa. Nikamwambia nitamnunulia bati, kidogo kidogo.

"Bati zako sizitaki. Nenda kwa mama yako, jua linazama."

Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti alitaka tuanze moja kwa moja na habari ya mifereji. Nikasimama bila kuitwa, nikasema niliyoyasema mwaka uliopita hayakutoka kwenye vipimo, yalitoka kichwani mwangu. Watu walinisikiliza kama wanaosikiliza tangazo la msiba wa mbali, wakarudi kwenye mifereji. Ikazibwa, kwa ugomvi mwingi. Mwaka huu maji hayajapungua haraka kama zamani. Wakiniuliza kama yamerudi, nasema bado sijui. Wanawake wananishukuru kwamba foleni imekuwa fupi, na mimi nawaitikia nikiangalia chini.

Mwezi uliopita shangazi alikuja mjini kutibiwa macho. Miaka yote akija mjini anafikia kwangu, tunalala kitanda kimoja na kuongea Kifipa hadi usingizi utuchukue. Safari hii alilala kwa mwanamke mmoja wa kijijini kwetu aliyepanga mtaa wa pili. Nilikuja kusikia kwa muuza mboga, shangazi akiwa ameshapanda gari kurudi. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, mpaka mteja mmoja akaingia kuulizia gauni lake.