Aliyemuua Malaika Saluni

Mmenisumbua wiki nzima niwasimulie ya saluni ya pale soko la Custom, kama vile sina maharagwe ya kuchambua. Haya. Msusi, mama Mganda, alikuwa akimsuka mteja huku televisheni ikionyesha ule mchezo wa kuigiza wa malaika mwenye mabawa. Kilibaki kipindi kimoja uishe. Mteja akasema, "Huyo malaika kesho anakufa. Mimi nilishaona yote Nairobi."

Kitana kikaanguka. Msusi akabaki mdomo wazi, machozi yakimtiririka. Vitani nimezika watu wa nyama na damu, sikuona uso kama ule.

"Dada, mimi iko nangoja hiyo mwisho miezi nne," alisema polepole. "Toka kwa kiti yangu."

"Na kichwa?"

"Uliza malaika yako."

Sisi tuliosubiri zamu tukaziba mlango mpaka akalipa bei ya kichwa kizima, ndipo akapita sokoni nusu amesukwa, nusu nywele zimesimama.