Kaka alimeza dawa kila siku, kipimo kikakataa. Kumbe kopo linakaa bani

Wakuu, habari za muda huu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi. Mhusika ameniruhusu nisimulie, ila jina nimebadilisha. Nitamwita kaka Odilo.

Kaka analima tumbaku na mahindi huko Namtumbo. Mimi ni fundi simu hapa Songea, kibanda kipo Majengo, nalala Lizaboni. Kaka ana virusi vya UKIMWI, na kwenye ukoo nilikuwa najua mimi tu.

Siku hizi dawa zipo hadi zahanati ya kijijini kwake. Yeye alikuwa anazifuata mjini, anafikia kwangu, ili jirani asimwone kwenye benchi. Shemeji, yaani mke wake, aliambiwa mume kaenda kufuata pembejeo. Sijui zilikuwa pembejeo za mashamba mangapi.

Basi majibu ya wingi wa virusi yakarudi mabaya. Zamani vilikuwa havionekani kabisa, sasa vimepanda.

Nesi, mama mpole tu, akamuuliza kama anaruka dozi. Akakataa. Akaulizwa tena. Alitoka pale amenuna, akaniambia bora aitwe mwizi.

Nilimwamini nusu, tusidanganyane. Lakini aliyeninyima raha ni shemeji. Alikuwa ananyonyesha, alipopimwa akiwa mjamzito hakuwa na maambukizi, na hajui lolote. Virusi vya mumewe vikipanda, yeye na mtoto wapo hatarini. Niliogopa sana.

Msimu wa kukausha nikaenda kumsaidia kaka.

Kwa wasiojua, bani ni banda la kukaushia tumbaku, majani juu, moto chini. Mchochea moto ni mmoja, wengine hawafungui mlango ovyo, maana moto ukiyumba jani linaharibika. Kwa hiyo bani la mtu ni kama chumba chake cha siri.

Jioni kaka akaingia, akapanda kwenye boriti, akashuka na kopo la dawa. Ndani ameshindilia pamba, vidonge visigongane likalia. Nikalishika, la moto kama yai lililotoka sufuriani.

Nikamuuliza linakaa humo tangu lini. Akasema tangu msimu uliopita, kwa sababu nyumbani mke anafagia kila kona.

Kweli alikuwa anameza kila siku. Roho iliniuma kwa ile nusu nyingine niliyomnyima.

Tukampigia nesi. Akasema hawezi kuapa kwamba ni joto, ila hizo asimeze tena, aende haraka akachukue nyingine. Na hizo mpya zikae ndani ya nyumba, mahali pa baridi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kopo likiingia ndani, shemeji anajua.

Kaka akaniomba nikae karibu, akamweleza tukiwa tunapukuchua mahindi. Shemeji alilia. Zile pembejeo zilimuuma kuliko ugonjwa. Halafu akajifuta uso, akasema, "Baba Neema, tumbaku unaikausha ukauze. Hizo dawa ulikuwa unamkaushia nani?"



Walienda pamoja kwa yule nesi. Shemeji alipimwa, hana, akapewa dawa za kinga wakati za mumewe zikifanya kazi. Kipimo cha kaka kilichofuata kilikuwa kimeshuka. Siku hizi anachukulia zahanati ya kijijini, na benchi anakaa na mkewe.

Funzo nililopata: huduma kusogezwa kijijini ni jambo zuri, lakini kufikisha kopo zahanati hakutoshi. Yule nesi sasa kila mkulima wa tumbaku anamuuliza, "Nyumbani unaziweka wapi?"

Wakuu, huko kwenu watu wanaficha wapi, na mliwasaidiaje? Tiririkeni hapa, bila matusi.

Kwa kaka, kopo sasa linakaa kabatini pembeni ya chumvi, pamba imetolewa. Shemeji asipolisikia likilia jioni, hapakui ugali.