Mbwa Aliyekandwa Kama Mzazi

Harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka ilikuwa na maana moja tu katika mtaa wetu: kuna mwanamke amejifungua. Harufu hiyo ilivuka nyua, ikashuka na barabara ya vumbi jekundu, na kabla umande haujakauka wanawake walikuwa wameshaanza kuja na ndizi vichwani. Bibi yangu, mama yake mama, tuliyemwita Koko kama wajukuu wengi wa Bunia wanavyowaita bibi zao, ndiye aliyekuwa mkandaji. Alikuwa na sufuria kubwa jeusi, taulo nzito, na mikono isiyoungua. Aliwakanda wazazi kiuno na tumbo, akawafunga kitenge kwa nguvu, akawanywesha uji wa pilipili bila kumsikiliza mtu, kwa sababu mgonjwa haulizwi uji. Kwa hiyo asubuhi moja ya msimu wa mvua, harufu ile ilipotoka uani kwetu, majirani walishangaa, maana mama yangu hakuwa na mimba. Walikuja hata hivyo. Wakachungulia, wakamkuta Koko amepiga magoti kwenye mkeka akimkanda nyonga mbwa wetu mzee, tena dume, aliyeitwa Mutachoka.

“Koko, amezaa mapacha?” akauliza mmoja wao.

“Amezaa wivu yenu,” Koko akajibu bila kuinua kichwa. “Lete ndizi, ama upite.”

Jina la Mutachoka alilichagua Papa, baba yangu, baada ya ugomvi na watu waliokuwa wakimsema nyuma ya mgongo. Kwetu mtu humpa mbwa wake maneno anayoona haya kumwambia jirani usoni, kisha humwita mbwa kwa sauti kubwa kila jioni. Papa alimnunua kwa wawindaji wa msituni, upande wa Mambasa, akiwa bado mtoto anayeenea kwenye kofia. Mbwa wa msitu ule hawabweki. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue walipo. Wetu alikuwa mwekundu kama tofali lililoiva, mkia umejikunja juu ya mgongo, na kipaji chake kilijaa mikunjo kama cha mtu mwenye mawazo mengi. Mimi, niliyekuwa na mawazo mengi kweli, niliamini kwamba katika nyumba ile yeye ndiye aliyenielewa.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita ya Ituri, mashariki mwa Kongo, wakati mji ulipokuwa ukibadilisha wenyewe mara kwa mara, na sisi watoto tulijifunza kutofautisha risasi ya mbali na ya karibu wakati uleule tuliojifunza kujumlisha na kutoa. Papa alikuwa fundi wa matofali. Chini bondeni, kando ya kijito, alikuwa amepanga tanuri la matofali mabichi tayari kwa kuchomwa, lakini njia ya kuletea kuni haikupitika tena, na tanuri likabaki vilevile, mvua ikiligonga juu ya mabati. Papa akapanua matundu ya chini yaliyoachwa kwa ajili ya kuni, akayashikiza kwa mbao, akapata chumba ambamo watu wa nyumba mbili waliweza kujilaza: sisi, na jirani yetu Mama Jeanne na watoto wake. Kwa nje lilionekana rundo la matofali kama marundo mengine. Sheria ya mle ndani ilikuwa moja, kunyamaza. Mbwa wengi wa mtaa walikuwa wameshauawa na wenyewe kwa sababu ya kubweka. Mutachoka aliokolewa na ukoo wake wa msituni, na zaidi ya hapo alitulinda: masikio yake yaliposimama na uso ukageukia barabara, Papa alijua watu wanakuja kabla yeyote kati yetu hajasikia kitu.

Kisha uzee ukamfikia. Kila alipolala kwa muda, hasa juu ya udongo mbichi wa tanuri, nyonga zake zilikakamaa, na alipojaribu kuinuka alitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Haikuwa kubweka. Ulikuwa mlio mrefu unaopanda, kama wa mtoto aliyebanwa kidole na mlango. Mara ya kwanza alipolia hivyo tulikuwa tumejificha, na watu wenye silaha walikuwa wakipita barabarani juu yetu. Hawakusimama. Lakini tulipotoka, Mama Jeanne aliwakusanya watoto wake mbele yetu.

“Papa Innocent,” akamwambia baba yangu kwa jina la kaka yangu mkubwa, “mimi niko na watoto. Siye wote tutakufa juu ya imbwa?”

Papa hakubishana naye. Alimtazama mbwa, akatutazama sisi. “Akilia tena mule ndani, hata mara moja,” akasema, “nitamumaliza mimi mwenyewe. Na musinililie.”

Nilikuwa na miaka tisa. Sikulala vizuri tangu siku ile, nilikuwa nikiwaza. Tukimfunga mdomo, atagugumia puani. Tukimwacha nyumbani, atatufuata polepole na kusimama nje ya tanuri akitusubiri, na hapo atakuwa amewaonyesha watu tulipo. Niliigeuza habari hiyo kichwani mpaka nikafika mahali ambapo hata leo najivunia kufika: kama kilio kinatoka kwenye maumivu, basi kazi yetu si mdomo, ni nyonga. Nikamwendea Koko aliyekuwa akichambua maharage.

“Koko, wazazi hawaliake wakiumwa kiuno?”

“Wanaliaka,” akasema. “Mpaka nifike.” Kisha akaacha maharage, akamtazama Mutachoka aliyekuwa akichechemea kuelekea kivulini, na nikaona wazo langu linaingia ndani yake. “Lete sufuria,” akasema.

Sijui kama nimewahi kufurahi tena kama asubuhi zile. Niliamka kabla ya jogoo wa Mama Jeanne, nikapuliza makaa, nikateka maji. Koko alianza na kila kitu kwa pamoja, kama kawaida yake. Maji yalikuwa ya moto kiasi cha kumfanya Mutachoka aruke, ingawa alichechemea, na kujificha nyuma ya gunia la makaa. Uji wa pilipili aliunusa, akapiga chafya, akamtazama Koko kama mtu aliyeuzwa na ndugu. Kaka yangu Innocent naye alikuwa ameomba mahali kidonge cha maumivu cha watu, na tulikuwa tukijadiliana namna ya kukificha ndani ya ugali wakati alipopita mzee tuliyemwita Papa Veterineri. Huyu alikuwa akitibu ng'ombe huko Irumu kabla ng'ombe hawajaporwa, na sasa hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Kuona mbwa akikandwa kulimfurahisha kama mtu aliyerudishiwa kazi. Alifunga vifungo vya koti lake, akamtembeza Mutachoka uani, akamkunja na kumkunjua miguu ya nyuma taratibu, akasikiliza kwa vidole.

“Ni uzee,” akasema. “Viungo vimekwisha mafuta. Haiponake hii, inatulizwaka tu. Ile kidonge mutupe, itamutoboa tumbo. Maji yakuwe ya vuguvugu, ujaribishe kwanza kwa mukono wako. Na majani muondoe. Atajilamba, atatapika.”

“Maji bila majani ni ya kuoshea sahani,” Koko akasema.

“Basi osha sahani, Koko, lakini imbwa umukande na maji matupu.” Akaendelea kutuagiza: alale pakavu na palaini, asiruke, atembezwe kidogo kidogo mara nyingi badala ya safari moja ndefu, na asinenepe.

“Asinenepe?” mama yangu akadakia kutoka mlangoni. “Sasa hivi ni nani ananenepaka hapa Bunia?” Wote wakacheka, na Papa Veterineri akacheka kuliko wote.

Koko alitii kwa namna yake. Alimkanda mbwa kwa maji matupu, ila kando yake alichemsha majani ya mkaratusi kwenye chungu kingine, kwa sababu hakuweza kukanda bila harufu ile. Tulishona gunia tukalijaza majani makavu ya migomba, likawa godoro la kulalia tanurini. Siku moja Papa mwenyewe alitoa tofali lililoiva, akaliweka kando ya moto mpaka likashika joto, akalifunga kwenye kitambaa na kunipa bila kunitazama. Mutachoka aliliegemea tofali lile akafumba macho. Bandu bandu huisha gogo. Kilio kilifupika, kikawa mguno, na kuna asubuhi aliinuka bila sauti nami nikakimbia kuzunguka nyumba kwa furaha. Lakini asubuhi za baridi alikuwa bado akilia, na hilo ndilo lililonikosesha raha, kwa sababu tanurini ni baridi siku zote. Hapo Koko akaleta kitenge chake cha kufungia wazazi. Akakipitisha chini ya tumbo la mbwa, mbele kidogo ya mapaja, Innocent akashika ncha moja na mimi nyingine, tukamwinua polepole. Uzito ukaja kwetu, nyonga zikapumzika, akasimama kimya. Nilipojaribu peke yangu, alipinda upande mmoja na kulia. Ilihitaji watu wawili.

Risasi zilianza mchana, upande wa uwanja wa ndege, zikasogea haraka kuliko siku nyingine. Tulishuka bondeni mbio, mimi nikiwa na tofali la moto kifuani na kitenge begani. Ndani ya tanuri kila mtu alitumbukia palipokuwa wazi. Mutachoka nilimlaza kwenye gunia lake, nikamwekea tofali nyongani. Tulikaa kimya mpaka tofali likapoa, na baada ya kupoa tukaendelea kukaa. Kisha watu wakashuka kijitoni kunywa maji. Tuliwasikia wakimeza. Mmoja wao alikuja akaegemea matofali yetu, na vumbi likadondoka kwenye nywele zangu.

Wakati huohuo Mutachoka akaamua kuinuka. Niliijua ishara yake: alitanguliza miguu ya mbele, kisha akatulia kama anayefikiri, na kilichofuata hapo kilikuwa kilio. Nikapitisha kitenge chini ya tumbo lake na kuisukuma ncha ya pili upande wa Innocent. Hapo nikakumbuka kwamba Innocent yuko kwa Papa, kule mbele. Niliiona kwa mawazo mikono ya Papa ikija gizani kutafuta shingo ya mbwa. Lakini kitenge kikakaza. Mtu alikuwa amekishika. Alikuwa Mama Jeanne, mtoto wake mdogo amelala begani, na alikuwa akinitazama akingoja nimwonyeshe namna ya kuvuta. Nikainua, naye akainua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mutachoka akasimama kati yetu bila sauti yoyote, masikio wima, akiwasikiliza wale watu mpaka walipopanda tena barabarani. Furaha iliyonijaa mle ilikuwa kubwa hata niliogopa kwamba mimi ndiye nitakayepiga kelele.

Tulipotoka, Mama Jeanne alijipangusa udongo magotini. “Imbwa yenu iko nzito,” akasema. “Mulisema hanenepi.” Kesho yake asubuhi alikuja uani kwetu na ndizi kichwani, akazitua mbele ya mkeka, kama inavyopasa kwa mzazi. Koko akazipokea kwa uso mkavu kabisa. Papa hakutaja tena ile ahadi yake. Mutachoka aliishi mpaka mtaa ukatulia, akafa kwa uzee tu, msimu wa kiangazi, amelala juani palipo pakavu.

Leo nina shahada, na bado natafuta kazi. Najua kwamba ugonjwa ule unaitwa baridi yabisi ya viungo, na kwamba mambo mengi tuliyoyafanya baada ya Papa Veterineri kupita yalikuwa sawa, kasoro zile siku za kwanza za maji ya moto, ambazo bado zinanisumbua. Watu wanaokimbia mapigano ya Djugu wanaendelea kufika mjini na magodoro yao vichwani, na ninapowaona najikuta nikiangalia kama kuna mbwa nyuma yao. Mara nyingi hayupo. Juzi nilipita mbele ya duka la dawa za mifugo, nikatembea hatua kadhaa, nikasimama, nikarudi. Nilimuuliza kijana wa dukani kama wana dawa ya maumivu ya viungo kwa mbwa mzee. Akainama, akaweka chupa ndogo juu ya meza, akanieleza kwamba kipimo kinategemea uzito.

“Imbwa yako iko na kilo ngapi, dada?”

Nikamwambia sina mbwa. Nilitaka tu kujua kama ipo. Akanitazama kwa huruma kidogo, akairudisha chupa rafuni, nami nikatoka pale nusura nikimbie, kama asubuhi ile Mutachoka alipoinuka bila sauti.