Neno Moja kwenye "Tuta Letu"

Mashine ya kusaga ikinguruma, midomo ya Zita hucheza. Ikizimwa, hufumba. Hilo ndilo jambo la kwanza analoligundua mtu kwake, kabla hata ya unga uliotanda kwenye nyusi zake. Wateja wapya hudhani anasali. Kumbe anaimba, na huimbia kwenye kelele hizo kwa sababu hapo hakuna wa kumwibia.

Wimbo wake wa kwanza aliwapa wanakwaya wenzake. Albamu ilipotoka, jina la mtunzi lilikuwa la mwalimu wa kwaya. Tangu hapo Zita hamwamini mtu.

Ndiyo maana alipokwenda kurekodi "Tuta Letu" kwa Edwin, mwenye studio ya chumba kimoja, alimtegea. Wimbo unasifu mapenzi yanayotunzwa kama tuta la Wafipa: majani hufukiwa masika, yakaoza taratibu, shamba likapata rutuba. Zita akabadilisha neno moja tu. Badala ya masika, akaimba kiangazi. Alipanga kulisahihisha siku ya mwisho. Wimbo ukisikika mjini na kiangazi chake kabla ya hapo, mwizi atakuwa amejulikana.

Jumanne mashine ilikuwa imezimwa, inabadilishwa mkanda. Kutoka redio ya duka la jirani Zita akasikia sauti yake mwenyewe, sekunde chache tu, kisha tangazo la mbegu. Akaganda na debe mkononi.

Kwenye foleni alikuwapo Bibi Justa, aliyelima matuta tangu usichana wake.

"Kiangazi?" akauliza. "Hayo majani yataoza kwa mate? Huyo kwao wanalima sokoni."

Wanawake wakaangua kicheko. Zita naye akacheka, ila alichelewa.

Alimfuata Edwin studio, unga ukiwa bado mwilini mwake, akamweleza habari ya kiangazi na masika. Edwin hakushtuka, na hilo likamzidishia shaka. Alieleza kwamba amepeleka kionjo redioni ili watu waanze kuusubiri wimbo. Utatoka Jumamosi saa sita mchana, na jina la mtunzi lipo.

"Jina la nani?"

"La kwako, dada Zita. Ila na wewe ungesema tu kwamba neno si lenyewe. Mimi mtoto wa Kabwe kule ziwani, najua kuvua migebuka. Matuta ningeyajulia wapi?"

Zita akaona mtego umemgeukia. Kama jina kweli ni lake, basi na kile kicheko cha foleni ni chake. Akavaa vipokea sauti, akauimba upya ubeti ule, masika, mara tatu. Kisha akataka aonyeshwe hilo jina lilipoandikwa. Edwin akafungua kompyuta. Mtandao ukagoma.

"Niamini basi," akasema.

Zita akaaga.

Jumamosi, saa sita ilipokaribia, alizima mashine huku mahindi ya mtu yakiwa bado ndani. Foleni ikanung'unika. Bibi Justa akauliza kama umeme umekatika. Zita akamwomba radhi, akamwambia asubiri kidogo. Jirani akaongeza sauti ya redio. Mtangazaji akasema anao wimbo mpya wa binti wa hapa hapa Sumbawanga, na jina lake atalitaja sasa hivi, lakini kwanza matangazo ya vifo.

Zita akabaki na kidole kwenye swichi, akisikiliza majina ya watu wengine.