Bakuli la Mafuta ya Idrisa

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, enzi za Mwingereza, ukungu ulipoikalia Kihesa, mtaa wetu, hata nyumba ya jirani tusiione. Mwanangu, nilikuwa bado bibi harusi. Mume wangu, Idrisa, alikuwa na duka la nguo Iringa mjini, naye alipenda kula vizuri. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika kaka yake, Hamisi, kule Iyunga, Mbeya. Alianguka akinywa chai, andazi mkononi.

Basi asubuhi ile Idrisa aliacha kutafuna, akageukia dirisha.

"Hamisi ananiita."

Nilichungulia uani. Hapakuwa na mtu. Kuku tu walikuwa wamejibana ukutani, kimya, hakuna anayedonoa. Idrisa akainuka aende, lakini alipofika mlangoni alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, mkono kifuani.

Mama mkwe akamshika kanzu. "Usiitike, utamfuata! Keti."

"Mama, ni sauti yake."

"Najua. Hata mimi nimeisikia. Nimemzaa, nitaisahauje?"

Nywele zilinisimama. Nilidhani atatafuta mganga. Badala yake alileta bakuli jeupe, akaniambia polepole, "Daktari alisema Hamisi alizidiwa na mafuta. Leo mpikie mumeo chungu chake peke yake. Kila mafuta unayomtilia, tia mengine kama hayo humu."

Nikafanya hivyo. Kijiko cha samli ya chapati, kingine bakulini. Samli ya maharage, bakulini. Mafuta yaliyonywewa na maandazi tuliyajua kwa kutazama yaliyopungua karaini. Hata nyama yake mama mkwe aliipekua, akapima kwa jicho mafuta yaliyoshikamana nayo, akaongeza kiasi hicho. Na utando wa maziwa pia hakuusahau.

Alasiri bakuli lilikuwa limejaa. Baridi iliyagandisha mafuta, yakawa meupe kama sanda. Idrisa aliyagusa kwa kidole, akakirudisha upesi.

"Haya ni ya wiki?"

"Ya leo," mama yake akasema. "Na chakula cha usiku bado hujala. Mmoja nimeshamzika, Idrisa. Nihurumie."

Alilia, mwanangu, mwanamume mzima. Tangu hapo tulipunguza samli, nyama tukaitoa mafuta, maandazi yakawa ya Idi. Ile sauti, alisema, iliendelea kumjia, kila mara kutoka mbali zaidi, hata ikakoma. Mimi sikuwahi kuisikia, wala sina la kuieleza. Ninalojua ni kwamba pumzi ilimrudi, akaishi hadi akabeba wajukuu.

Kwa hiyo chukua bakuli, mwanangu, siku moja tu. Weka humo mafuta unayoyatia na yale yaliyojificha ndani ya chakula, kisha yatazame kwa macho yako. Mwili unahitaji kidogo, usiunyime. Kinachozidi kipunguze ungali na nguvu. Mungu akupe moyo mwepesi, na wanao wakuite ukiwa hai uwaitikie.