Injinia wa Ndege Aliyeishi Gatina

Mwezi uliopita nilipanda ngazi za ghorofa moja huko Gatina, Kawangware, kumwona binamu yangu aliyejifungua. Nilipochungulia dirishani nikatambua kuwa hapo ndipo palipokuwa na ploti yetu ya vyumba vya mabati vya kupanga. Hakuna kilichobaki. Hata mfereji wa maji tuliopangia foleni umefunikwa kwa saruji. Nilikaa na mtoto mapajani, nikamkumbuka Injinia.

Kama ulikulia Kawangware miaka ya tisini, utawakumbuka wageni waliokimbia vita vya nchi jirani. Injinia alikuwa mmoja wao. Aliishi mlango wa pili kutoka kwetu, na bintiye alikuwa rafiki yangu. Kwao alikuwa mwanajeshi, fundi wa injini za ndege za kivita. Kwetu alitengeneza stovu na redio. Jumamosi alikaa nje, mikono ikinuka mafuta ya taa, sisi wasichana tukichambua omena, wale samaki wadogo, kando yake na mama akikaanga mandazi ya kuuza. Akisikia kinu cha kusaga unga kikinguruma barabarani, alisema, "Hiyo beringi itakufa wiki hii." Na ilikufa, kinu kikasimama.

Siku moja mama alimwuliza kwa nini aliacha kazi nzuri hivyo.

"Mama, ndege zilikuwa zinatoka na mabomu, zinarudi bila," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia injini tu. Sikuuliza yameanguka wapi. Halafu siku moja yakaanguka kijijini kwetu. Mke wangu alikuwa huko."

Mandazi yaliungua siku hiyo.

Baadaye walikuja wanaume wawili wa kwao. Walitaka awaongoze wapiganaji wa upande wa waasi, kwa kuwa alizijua ndege za serikali nje ndani. Aliwakatalia mara mbili. Mara ya tatu alikubali, akamwacha bintiye kwetu. Tukalala kitanda kimoja, na shuleni mwalimu akatuandika kama dada.

Alirudi mara moja tu, baada ya kama mwaka. Alikuwa amekonda, na wale waliomsindikiza walimwita Kamanda, wakasimama mpaka alipoketi. Mama alipika ugali na sukuma wiki. Hakula.

"Baba, mnashinda?" bintiye aliuliza.

Alisukuma sahani kando. "Tuliangusha ndege moja. Mimi ndiye niliwaonyesha vijana pa kupiga. Tulipofika kwa mabaki nikamjua rubani. Tuliishi naye kambi moja. Ulipozaliwa, yeye ndiye alitupeleka hospitali."

"Baki, Injinia," mama alisema polepole. "Stovu za kutengeneza ziko."

"Nina vijana huko, Mama. Nikibaki, nani atawaambia wajifiche lini?"

Akaondoka asubuhi. Miezi michache baadaye mmoja wa wale wanaume alikuja peke yake, akavua kofia mlangoni, na mama akajua kabla hajasema neno. Rafiki yangu alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kusugua sahani ile ile moja, mpaka mama akaichukua mikononi mwake. Muhula ulipoisha, shangazi yake alimchukua wakahamia ng'ambo. Aliniandikia barua mbili. Kisha nasi tukahamia Kisumu Ndogo, Kibera, na katika kuhama huko anwani ikapotea.

Pengine kwao ameandikwa vitabuni, kamanda aliyeangusha ndege. Sijui kama kuna anayejua kwamba kila Jumapili alimsuka bintiye nywele mwenyewe, mistari ikipinda huku na huku, na kwamba mama alipotaka kuzifumua azisuke vizuri, yule mtoto alishika kichwa kwa mikono miwili, akakataa.