Hoteli Yenye Pazia

Tangu niolewe, mama yangu hakuwa amekula kwangu. Hata maji hakuwa amekunywa. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kutoka zile nyumba za kaunsili ya jiji alikotulea hadi kwetu, mtaa wa Tena, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba juu ya magoti, akauliza habari za kila mtu, kisha akainuka. "Haya, wacha niende." Kwetu sisi watu wa magharibi mwa nchi, mama mkwe na mkwe wake hawaonani wakila. Hawashikani mikono, hawaketi meza moja, na mama hatii kitu kinywani chini ya paa la mume wa binti yake. Siku moja nilimpikia mama wakati mume wangu yuko kazini, nikadhani nimepata ujanja. Mama aliitazama sahani akacheka. "Nyumba ni yake hata akiwa kazini," akasema. "Ama akitoka huwa anaibeba?"

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma sana. Huyu ndiye aliyekuwa akinisetiria chakula chini ya sufuria iliyofunikwa nikichelewa shuleni, naye nisiweze kumpa hata kikombe cha chai! Na mimi nina kichwa kigumu, kila aliyewahi kuishi nami atakwambia.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli, na kila akienda likizo alipata tikiti za treni za familia. Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, aliniambia, "Tumpeleke mama Mombasa aone bahari." Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa mdogo, kwa hiyo akisema "mama" alimaanisha wangu. Mama alikubali mara moja, akaanza hata kuuliza kama maji ya chumvi huharibu viatu. Hapo wazo likaniingia. Hoteli si nyumba ya mkwe. Hoteli si nyumba ya mtu yeyote! Huko mama angekula, na tungemkaribisha sote wawili, mimi na mume wangu, kama watu wenye nyumba yao.

Jirani yangu alinishangaa. "Lakini si mle na mathe pekee yenu, halafu buda, huyo mumeo, ajipange kivyake?"

Kila mtu aliniambia hivyo hivyo, nami nikakataa katakata. Mume wangu si mwizi wa kujificha kwenye vichochoro wakati mama yangu anakula. Nilitaka chakula kimoja, wakati mmoja, watu watatu. Kilichobaki ni kutafuta mahali ambapo wawili kati ya hao watatu hawangeonana.

Kazini, kule Industrial Area nilikopiga taipu, nilikuwa na mwenzangu mzaliwa wa Mombasa. Nilimwendea nikamwambia anitajie hoteli za kwao. Akaanza kwa furaha: kuna moja ya biriani Mji wa Kale, nyingine ya samaki karibu na soko, nyingine iko ufuoni kabisa, makuti juu na upepo pande zote.

"Hiyo ya upepo pande zote toa," nikasema. "Hizo nyingine zina pazia?"

"Pazia gani?"

"Pazia! La kutenga watu."

Akaweka kikombe chini. "Watu huuliza pilau, wewe wauliza pazia!" Alicheka hadi bosi akachungulia. Lakini alipoelewa, aliacha kucheka, akanieleza kwamba hoteli nyingi za kwao zina vyumba vya familia, vya wanawake wasiotaka kutazamwa na wanaume wakila, na mlangoni huwekwa pazia. Nikamuuliza pazia linafika wapi chini. Nikamuuliza ni kitambaa kizito au chepesi. Akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikianza na nguo ziko kwenye kamba. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema, ila majina ya hoteli akanipa.

Sikuridhika na maneno. Jumamosi nilimburuta mume wangu hadi Eastleigh, kwa sababu huko nako kulikuwa na hoteli za namna hiyo. Tukapata moja iliyokuwa na vyumba vidogo viwili vimepakana, katikati pazia la kijani. Nikaketi huku, yeye kule, tukaagiza nyama ya mbuzi.

"Unaniona?" nikauliza.

"Naona viatu vyako."

Nikaandika kichwani: pazia lifike sakafuni. Kisha nikataka kujua kama mtu husikika akila, maana mama alikuwa na masikio ya paka. "Tafuna mfupa!" nikamwambia.

"Natafuna."

"Tafuna kwa nguvu!"

Hoteli nzima ikanyamaza. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wake alinisogelea akaniuliza kwa upole kama yule mwanamume wa upande wa pili ananisumbua. Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu, huko kwake, alicheka mpaka akapaliwa na mchuzi. Ila jibu nililipata: mlio wa feni ulifunika kila kitu. Kwa hiyo nikaongeza na feni.

Safari yenyewe haikunipa shida. Treni ilitenga wanawake na wanaume katika vyumba vyao, kana kwamba aliyeiunda alizaliwa kwetu. Mombasa mama alipata kitanda kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, na sisi tukalala gesti ng'ambo ya barabara. Asubuhi tukamwonyesha bahari. Alisimama ndani ya maji hadi vifundoni, ameshika marinda, akasema, "Kumbe ni nyingi hivi." Mume wangu alisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, akitabasamu peke yake.

Mchana tukaenda hoteli ya kwanza, ile ya biriani. Nilitangulia kwa madaha. Nikamuuliza weita chumba cha familia kiko wapi.

"Kiko, lakini twakipaka rangi. Nimeweka humo kreti za soda. Kaeni hapa tu, meza kubwa hii, mwatosha."

Nilimwomba atoe kreti. Nilimwomba shuka. Nilimwomba hata ageuze meza mbili, mama aangalie ukuta. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake. "Mimi sina njaa," akasema kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala. Mume wangu, maskini, akaona bora atoke nje juani ili mama aketi. Loo! Mama naye akatoka. "Nimfukuze mkwe mezani ndio nile? Mimi si mtu wa namna hiyo." Basi tukajikuta kando ya barabara, mkwe upande huu, mama upande ule, mimi katikati, biriani inanukia kutoka mlangoni, na hakuna aliyekula. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Sikujua namkasirikia nani. Weita? Mababu zetu? Rangi?

Jioni mume wangu aliniambia, "Tuache. Ameona bahari. Inatosha."

"Kwako inatosha," nikamjibu. "Mimi sikuja kuona bahari."

Kesho yake asubuhi na mapema nilitoka peke yangu, nikatembea hoteli moja baada ya nyingine. Nilifungua mapazia ya watu. Moja lilikuwa fupi. Jingine lilikuwa zuri lakini limetoboka katikati, tundu la kutosha kupitisha jicho. Kwenye nyingine walinifukuza, wakidhani nimemfuata mume aliyetoroka. Ile ya karibu na soko niliipata mwisho. Vyumba viwili vya familia vimepakana, ukuta wa mbao uliofika nusu, na juu ya huo ukuta pazia zito la bluu. Feni ilikuwepo, nayo ilipiga kelele vizuri.

Weita wa hapo alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia. Nikamwambia nataka vyumba vyote viwili, mume wangu huku, mimi na mama kule, na chakula kije kwa pamoja.

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Tunaheshimiana."

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole. "Heshima si utumwa," akasema. "Njooni adhuhuri, nitawawekea."

Tukaja. Mama aliingia, akaligusa pazia kwa vidole, akaangalia chini, akaangalia juu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niolewe. Aliweka mkoba sakafuni. Samaki wa kupaka akaletwa na wali wa nazi, na nikasikia weita akiweka sahani kama hizo upande wa pili. Mama akasali kwa sauti, sala ndefu ya kwetu iliyoombea wagonjwa, wasafiri, reli, na aliyempika yule samaki. Aliposema amina, amina nyingine ikajibu nyuma ya pazia. Halafu sauti ya mume wangu, imejaa aibu ya mkwe: "Mama, karibu. Kula."

"Asante, mkwe. Kula na wewe."

Akala. Yesu wangu, mama alikula! Alianzia kichwa cha samaki, akanyonya mifupa, akalamba vidole, akaongezwa wali, akaulizia ule mchuzi unawekwa nini. Mimi sahani yangu sikuigusa. Nilimkatia ndimu, nikamwagia maji, nikamfukuzia nzi ambaye hakuwepo. Nikawa natazama tu mkono wake ukienda na kurudi.

Alipomaliza alinawa, akaegemea ukuta, akavua viatu. Akasema ananyoosha miguu kidogo tu. Nilipogeuka kumwita weita alete chai, alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo, anakoroma taratibu. Kwangu hajawahi hata kuegemea kiti.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri vyumba. Mume wangu akauliza kwa kunong'ona kama tumemaliza, nikamwambia atulie hapo hapo alipo aagize chai. Yule mzee akafunua pembe ya pazia la mlango, akaona, akasema kwa upole kwamba kuna akina mama wana watoto, wamengoja sana, labda ningemwamsha bibi.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yangu amekuja kunitembelea, na ataamka akipenda.